Bibi Harusi wa Korido Yetu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, muuguzi kiongozi wa kitengo chetu cha afya ya akili anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Karibu yote ameitumia hapa hapa, katika jengo lenye korido ndefu kuliko zote hospitalini. Kamati ya jarida imenipa mimi, mfamasia, kazi ya kumwandikia wasifu. Sababu waliyoniambia ni kwamba dirisha langu la dawa linatazamana na korido hiyo, na hivyo nimemwona akipita kuliko mtu mwingine yeyote. Sababu ya kweli ni kwamba kila aliyeombwa kabla yangu alisema ana kazi nyingi.

Kwenye barua za utawala anaitwa Muuguzi Kiongozi. Wanafunzi humwita Mama. Wagonjwa wanamwita Bibi Harusi, na sisi tulianza kumwita hivyo kwa kificho, kisha mbele yake, na mwisho yeye mwenyewe akaanza kuitikia. Mgeni akisikia jina hilo hudhani lina habari ya mapenzi ndani yake. Kwa namna fulani linayo, lakini si yale anayoyafikiria.

Kila asubuhi, wagonjwa wakishamaliza chai, hutoka ofisini kwake akiwa amekunja mikono ya sare, akamwendea wa kwanza, akapitisha mkono wake chini ya mkono wa mgonjwa, na wawili hao wakaanza safari. Hutembea kutoka mlango wa stoo ya mashuka hadi dirisha kubwa la mwisho, kisha hurudi. Akimrudisha huyu humchukua mwingine. Hawaendi kwa haraka. Huzungumza habari za watoto, za mpira, za mvua iliyogoma kunyesha. Asiyejua angesema mama huyu anapenda soga. Lakini wakati mdomo ukipiga soga, mkono wake unafanya kazi: unasikiliza kiwiko.

Kiwiko cha mtu mzima wa afya hulegea anapotembea, mkono ukabembea wenyewe. Baadhi ya wanaotumia dawa za saikosisi, yaani dawa zinazotibu ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyokuwepo, viwiko vyao hukaza. Ukijaribu kuvikunjua huja kwa vipande vipande, kama droo iliyovimba kwa unyevu. Hiyo ni dalili kwamba dawa, pamoja na kutibu akili, imeanza kuusumbua mwili. Bibi Harusi huisikia dalili hiyo kabla mgonjwa mwenyewe hajajua ana tatizo, kisha huja kugonga dirisha langu kwa kidole kimoja. Mimi nikisikia kidole hicho huwa najua kuna cheti cha dawa kinarudi kwa daktari.

Jina lenyewe alipewa na mgonjwa mmoja, mpiga tarumbeta wa bendi ya zamani, ambaye hukaa benchi la tatu kila anapolazwa. Siku moja alimwona akipita na mzee mmoja mwenye suti iliyopauka, wameshikana mikono, wanakwenda kwa madaha. Mpiga tarumbeta akajaza mashavu upepo, akatia vidole hewani, akapiga kwa mdomo ule muziki wa maharusi wanaoingia ukumbini. Korido nzima ilivunjika mbavu. Tangu siku hiyo hakuna anayetembezwa bila muziki, na wapo wanaokataa kutembea mpaka mpigaji apatikane.

Mumewe, fundi seremala mwenye maneno machache, analalamika kwamba yeye alishikwa mkono siku ya harusi tu, na tangu hapo anatembea nyuma. Anasema wakienda msibani mkewe humshika mkono, na yeye hufurahi kwa hatua mbili tatu, mpaka anapogundua kwamba anapimwa kiwiko.

Hakuzaliwa na busara hiyo, na yeye ni wa kwanza kusema hivyo. Alianzia wodi ya wazazi, akaipenda, na alipohamishiwa huku alilia. Enzi zile kuhamishiwa kitengo cha akili kulihesabika kama adhabu, na ndugu zake walimuuliza amemkosea nani. Alijifuta machozi, akafika, akashika kazi. Miaka michache baadaye akawa msimamizi wa wodi ya wanaume. Hapo ndipo palipo na kisa ambacho humsimulia kila mwanafunzi anayeletwa kwake, kabla hata hajamwonyesha choo kiko wapi.

Wakati huo utawala ulikuwa umeanzisha mashindano ya wodi tulivu kuliko zote. Wakaguzi walipoingia wodi ya wanaume waliwakuta wagonjwa wamekaa kwenye mabenchi, mikono juu ya magoti, macho mbele, hakuna anayekohoa. Wakaguzi wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Wodi ikapewa saa kubwa ya ukutani yenye kibati cha shaba chini yake, kimechorwa maneno WODI TULIVU KULIKO ZOTE. Msimamizi aliitundika katikati ya korido, akaipangusa kila siku kwa kitambaa chake mwenyewe. Alijisikia kama mzazi ambaye mwanawe ameongoza darasa.

Chini ya saa ile alizoea kukaa kijana mmoja, mtoto wa fundi saa mwenye kibanda karibu na soko. Kijana alikuwa ameletwa akiwa na hali mbaya, anagombana na sauti alizozisikia yeye peke yake. Dawa zikamsaidia kweli; sauti zikanyamaza. Baba yake alipokuja kumwona, yule msimamizi akamwonyesha saa ya zawadi, akitegemea kwamba fundi saa ataifurahia kuliko wote. Mzee hakuitazama. Alimtazama mwanawe, ambaye uso wake ulikuwa hauna habari na mate yalikuwa yanamchuruzika. Akatoa mfukoni bisibisi ndogo ya kazi yao, ile nyembamba ya kufungulia saa za mkononi, akamwekea mwanawe kwenye kiganja. Vidole havikuweza kuishika. Ikaanguka sakafuni, na wote wakaisikia ilivyolia.

Mzee aliinama, akaiokota, akasema: "Mmenitulizia mtoto mpaka mikono yake imelala." Kisha akaaga kwa adabu na kwenda zake.

Hapa naomba kusimama kidogo, kwa sababu mimi ni mfamasia na sitaki mtu asome jarida hili kisha aende kutupa dawa zake chooni. Dawa hizi zimewarudishia watu wengi ndoa, kazi na usingizi. Kosa halikuwa kuzitoa. Kosa lilikuwa letu sote wa fani hii kwa miaka mingi: tulimwona aliyekakamaa tukamsifu kwamba ametulia, na tulimwona anayezunguka korido bila kuweza kukaa, miguu inamwasha kwa sababu ya dawa hiyo hiyo, tukasema huyu bado, aongezewe. Bibi Harusi huwaambia wanafunzi hivi: aliyetulia na aliyekakamaa hukaa benchi moja, na ukiwa mlangoni huwezi kuwatofautisha. Sogea, mshike mkono.

Yeye alisogea. Kesho yake ndipo matembezi ya korido yalipoanza, akitembea kwanza na yule mtoto wa fundi saa. Dozi ilipunguzwa, kijana akaruhusiwa kwenda nyumbani, lakini mikono haikurudi kuwa ya kazi ile, na baadaye midomo yake ikaanza kuchezacheza yenyewe, kama mtu anayetafuna kitu kisichoisha. Akahamia zahanati ya mtaani kwao kuchukua dawa ile ile. Korido yetu hakutaka tena kuiona. Saa ya zawadi nayo, haukupita muda, ikasimama. Fundi wa matengenezo alijitolea kuitengeneza mara nyingi, na kila mara msimamizi alimjibu aiache kama ilivyo. Fundi alinuna mpaka alipostaafu.

Mimi nilipofika kazini saa hiyo ilikuwa imesimama tayari, na nilikuwa nikichelewa kila siku kwa sababu yake.

Kilichomsumbua mwenzetu ni swali moja, naye ni mtu ambaye swali likimwingia halitoki. Kwa nini wagonjwa wawili, umri mmoja, uzito mmoja, dozi moja, huyu anatembea kama kawaida na yule anakuwa kama gogo? Alimuuliza daktari bingwa wetu kwenye mikutano, kwenye ngazi, na mara moja kwenye foleni ya chakula. Bingwa, ambaye kwa bahati nzuri naye swali hilo lilikuwa likimnyima raha, alimwambia wazi kwamba sehemu ya jibu inaweza kuwa kwenye damu ya ukoo. Ini la kila mtu huvunjavunja dawa ili zitoke mwilini, na kasi ya kazi hiyo hurithiwa. Kuna anayevunja upesi na kuna anayevunja polepole. Huyu wa polepole akimeza kidonge cha leo, cha jana bado kimo, na kidogo kwake kinakuwa kingi. Tena kuna vinasaba vingine, yaani chembe za urithi, vinavyogusa namna ubongo unavyozipokea dawa zenyewe. Kila kimoja husukuma kidogo, na vikikutana vinaweza kumwangusha mtu.

Basi bingwa akaandikiana na watafiti wa chuo kikuu, wakaja na mabomba yao ya sindano na visanduku vya barafu, na Bibi Harusi akawekwa kuwa kiungo kati yao na wagonjwa. Sidhani kama kuna kazi iliyompendeza zaidi. Alikaa na kila familia kuieleza, na maswali aliyoyapata anayo mpaka leo. Mpiga tarumbeta alitaka kujua kama kinasaba cha tarumbeta kitaonekana, na kama kitaonekana, amlipe nani hakimiliki. Mama mmoja alimleta mkwe wake, mzima kabisa, apimwe uvivu. Alipoambiwa kipimo hicho hakipo, akauliza kama kinatarajiwa.

Lakini jambo kubwa alilolifanya halikuhitaji barafu. Sote tulikuwa na desturi ya kuuliza familia: nani mwingine kwenu amewahi kuugua hivi? Yeye aliongeza swali la pili: nani mwingine kwenu amewahi kutumia dawa hizi, na zilimfanyaje? Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu mama alimuuliza uji, akamuuliza sukari, akauliza na shangazi yake uji ule ulimkaaje tumboni. Majibu yalitushangaza. Kulikuwa na mjomba aliyekakamaa shingo, kulikuwa na bibi aliyeacha dawa kwa sababu miguu haikumwacha akae. Habari hizi familia zilikuwa nazo siku zote, zikisubiri kuulizwa.

Alikuwa mkali pia juu ya upande wa pili. Kila familia aliiambia kwamba vinasaba si hukumu. Havisemi mtu ataumizwa na dawa. Vinasema tu tuanze wapi, na tuende kwa mwendo gani. Mtu akija na karatasi ya majibu akitetemeka kama amesomewa kifo, alimkalisha, akamwambia hiyo ni taarifa ya barabara kwamba mbele kuna tope, nasi ndio tunaoendesha.

Katikati ya kazi hiyo zilitufikia habari za kile kibanda karibu na soko. Fundi saa mzee alikuwa na mtoto wa pili, mdogo wake yule wa kwanza, ambaye ndiye aliyekuwa amerithi kiti cha kazi. Sasa naye alikuwa amejifungia ndani, anazungumza na ukuta, hali wala halali. Ndugu walikuwa wamemsihi mzee amlete. Mzee alikataa katakata. Alisema mtoto mmoja amekwisha kutoa mikono yake, na wa pili hamtoi.

Bibi Harusi alipiga moyo konde. Alipanda kwenye kiti, akaishusha ile saa ya zawadi ukutani, na kwa kuwa ilikuwa nzito, akanigeukia mimi. Ndivyo nilivyoingia katika kisa hiki, kama mbeba saa.

Kibanda kilikuwa chembamba, meza moja yenye kioo, trei za skrubu ndogo kama mbegu za mchicha, na saa nyingi zilizokuwa zikibishana juu ya wakati. Mzee alikuwa amebana jichoni kile kikombe cha kioo wanachotumia kukuzia. Nyuma yake, kwenye kigoda, alikaa mwanawe mkubwa akichambua mikanda ya saa kwa rangi, midomo ikichezacheza. Alipomwona aliyeingia, aligeuza uso. Niliweka saa mezani. Mzee akasoma kibati, akakitoa kioo jichoni.

Nilidhani mwenzangu ameandaa hotuba. Alisema maneno machache tu: "Baba, hii saa nilipewa kwa sababu ya mwanao. Nimekuja kuomba radhi. Nikisamehewa au nisiposamehewa, nitaomba na damu."

Kisha akaeleza. Hakuficha kitu. Alieleza kwamba mdogo mtu anaumwa na bila dawa anaweza kupotea, na kwamba dawa iliyomkakamaza kaka yake inaweza kumkakamaza na yeye, kwa sababu damu ni moja. Lakini kwa sababu damu ni moja, kaka anaweza kumtangulia njiani na kumwambia wapi kuna shimo. Wapime damu ya mkubwa, wapime na ya mdogo, wachague dawa isiyopita njia ile ya ini kama imeziba, waanze na kidogo. Hakuahidi kwamba hakutakuwa na madhara. Aliahidi kwamba atayatafuta kila siku kwa mkono wake mwenyewe.

Mzee alimgeukia mwanawe mkubwa, kuonyesha kwamba uamuzi ni wake. Kijana wa zamani, sasa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, alimaliza kuupanga mkanda aliokuwa nao. Akakunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko na kuunyoosha mezani kati ya skrubu. Akasema: "Mkono wa kutoa damu nimekupa. Wa kutembea usiniombe."

Majibu yalionyesha kwamba ndugu wote wawili wanaivunja dawa ile polepole mno. Daktari bingwa akamchagulia mdogo dawa nyingine, kwa dozi ndogo kiasi kwamba mimi niliyekata kidonge nilirudi kukisoma cheti tena. Mzee alikubali alazwe kwa sharti moja: yeye awepo. Akaleta kigoda chake cha kukunja, akakaa kwenye korido yetu kuanzia chai hadi jioni, kioo chake mfukoni, akiangalia mikono ya mwanawe. Kila asubuhi Bibi Harusi alimtembeza kijana, na kila jioni baba alimpa saa ya kike afungue kifuniko, akifunge tena. Hao wawili walikuwa wanapima kitu kimoja kwa njia mbili, na hawakuwa wakisemeshana.

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha dozi ilipopandishwa, goti la kijana likaanza kuruka. Alikaa, akasimama, akakaa. Mzee alikuwa wa kwanza kuliona. Alikunja kigoda chake akamwambia mwanawe avae viatu. Nakiri moyo wangu ulishuka hadi kwenye soksi. Muuguzi wetu hakumzuia. Alimwendea, akamwambia kwamba na yeye ameliona asubuhi, na kwamba daktari yuko njiani kuirudisha dozi chini. Akamwomba amwazime siku chache tu. Mzee alisimama na kigoda kwapani, akilitazama goti la mwanawe. Halafu akakikunjua, akakaa.

Goti lilitulia. Sauti nazo zikaendelea kufifia, polepole, mpaka kijana akasema ukuta umekuwa ukuta tu. Siku aliyoruhusiwa, aliomba aletewe ile saa ya zawadi iliyokuwa imebaki kibandani bila kuguswa. Akaifungulia hapa hapa kwenye meza ya chai, mbele ya wauguzi na wagonjwa na mimi niliyefunga dirisha kinyume cha taratibu, akatoa gurudumu moja moja kwa kibanio, akapangusa, akarudisha. Mikono yake haikutetemeka. Baba yake alikiweka kioo jichoni akamkagua mpaka skrubu ya mwisho, kisha akakiondoa na kujifuta jicho, akisingizia vumbi. Saa ikatembea, ikarudi ukutani, na inatembea mpaka leo, nami nimekosa kisingizio cha kuchelewa. Kibati cha shaba hakikurudi. Nimekiona kibandani chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba, na kinafaa sana mahali pale.

Kaka mtu naye, baada ya majibu yale, alibadilishiwa dawa. Madhara mengine yaliwahiwa, mengine tulichelewa. Midomo yake bado inachezacheza, na huenda itaendelea hivyo siku zake zote. Lakini kukakamaa kumepungua mwaka hadi mwaka, na sasa anatengeneza saa za mezani, zile kubwa, huku ndogo akimwachia mdogo wake. Kila mwezi humsindikiza mdogo kliniki. Hukaa kwenye benchi lile lile lililo chini ya saa, anasalimia kwa heshima, anasubiri. Miaka yote hiyo Bibi Harusi alimpita na wagonjwa wake, akamsalimia, na hakumwomba mkono hata mara moja. Alikuwa ameambiwa asimwombe.

Mafanikio yake mengine utawala umeyaorodhesha kwenye cheti, nami sitayarudia yote. Swali lake la pili sasa linaulizwa kila mgonjwa anapopokelewa, na vitengo vingine vimeliiga. Wauguzi aliowafundisha wanawatembeza wagonjwa katika korido ambazo hajawahi kuziona. Wodi yetu ina kelele: watu wanacheza karata, wanabishana mpira, na wanaimba vibaya. Mashindano ya utulivu yaliporudishwa miaka ya karibuni tulishika mkia, naye akanunua keki.

Kasoro zake pia zipo, na uungwana hauniruhusu kuzificha. Kalamu ikiingia mfukoni mwake imefiwa na mwenyewe. Kompyuta huipiga kwa kidole kile kile anachogongea dirisha langu, na kwa hasira ile ile. Akikuta taa imewaka chumba kisicho na mtu, hana simile, hata kama chumba ni cha mkurugenzi. Nimegombana naye kwa miaka kumi na minane juu ya dozi, na ningependa iandikwe kwamba mara nyingine nilikuwa sahihi mimi.

Ijumaa iliyopita alitembea matembezi yake ya mwisho. Wenzake tulijifanya tuna kazi za kufanya kwenye korido, kila mtu na faili asilolisoma. Mpiga tarumbeta, ambaye hakuwa amelazwa, alikuja na shati jeupe kwa ajili ya shughuli. Bibi Harusi aliwatembeza wagonjwa wote, mmoja mmoja, kwa muziki. Aliporudisha wa mwisho kwenye benchi, akashusha mikono ya sare aliyokuwa ameikunja, na tukadhani yamekwisha.

Yule kaka mkubwa alikuwa amekaa chini ya saa, akimsubiri mdogo wake atoke kwa daktari. Akasimama. Akapiga hatua hadi mbele ya muuguzi, akatanua kiwiko chake, na kumsubiri.

Walitembea hadi dirisha kubwa na kurudi. Mpiga tarumbeta alikuwa amejaza mashavu, lakini upepo ulitoka bila wimbo, na hakuna aliyemlaumu. Tulisikia viatu vyao na saa tu. Walipofika kwenye benchi yeye akakaa mahali pake, na Bibi Harusi akaja moja kwa moja kwenye dirisha langu. Kwa mara ya kwanza hakugonga. Uso wake ulikuwa umelowa, na nilitayarisha neno la kumfariji, lakini alinitangulia na kunipa taarifa, kama alivyonipa kila asubuhi.

"Kimelegea," akasema. "Kiwiko kimelegea kabisa."

Bibi Harusi, kitengo chako kinakushukuru, wanaokaa kwenye mabenchi na wanaosimama. Nenda salama kwa yule fundi seremala anayetembea nyuma yako. Mshike mkono, na sasa kiwiko chake ukiache kipumzike. Tunakutakia njia ndefu na mwendo usio na haraka. Kalamu zetu unaweza kubaki nazo.